Ahadi na Mfuko: Somo la Mpango wa Farmington

Mpango wa Farmington, uliobuniwa Marekani mwaka 1942 na kuanza kazi mwaka 1948, ulikuwa na shabaha njema: maktaba kubwa za utafiti zigawane masomo, ili kila kitabu cha kigeni chenye manufaa kwa watafiti kipatikane nchini humo, walau nakala moja. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa na kasoro. Kila maktaba ilinunua kwa fedha zake na kutunza katika rafu zake. Bajeti zilipobana, ahadi zililegea; mwaka 1972 mpango ukakoma.

Vyuo vikuu 10 vilivyoanzisha ghala la pamoja huko Chicago mwaka 1949 vilishika njia nyingine. Jengo lilitokana na misaada ya Carnegie na Rockefeller, lakini utunzaji uligharimiwa na michango ya wanachama. Ghala hilo lingalipo, na humo yamehifadhiwa hata magazeti ya Afrika katika mikrofilamu.

Hatuibezi nia njema, twasema haitoshi. Vyuo vyetu vya theolojia vinapoahidiana kutunza vitabu kwa pamoja, hatuna budi kuuliza kwanza: mwaka wa shida, mtunzaji atalipwa kutoka mfuko gani?