Penseli ya Mtunza Nyaraka

Barua ya Mmarekani wa mwaka 1838 mara nyingi haina bahasha. Mwandishi alichukua karatasi pana, akaikunja katikati kupata kurasa nne, akajaza tatu, na ya nne akaiachia anwani. Kisha aliikunja tena, kingo zikaingia ndani kwa ndani, akaibana kwa lakiri. Kabla ya mwaka 1845 posta ya huko ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali wa safari, kwa hiyo bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili. Aliyeishiwa nafasi aliigeuza karatasi ubavu, akaandika mistari mipya ikikatiza ile ya kwanza, mpaka ukurasa ukafanana na mkeka uliosukwa. Mpokeaji naye alipoifungua kwa haraka alichana kipande, kikabaki kimeganda chini ya nta. Mtunza nyaraka anayeijua kazi yake habandui nta hiyo. Pale chini pana neno moja au mawili, na pengine ndiyo yanayokamilisha sentensi iliyokatwa na tundu la upande wa pili.

Kazi hii naipenda. Naipenda kwa sababu nimekulia katika nyumba ambamo karatasi za ukoo zilikaa uvunguni, ndani ya mfuko wa nailoni, zimebanwa kwa pini. Pini ziliposhika kutu ziliacha alama za kahawia juu ya majina ya watu, na majina mengine hayasomeki tena hadi leo. Ndiyo maana kila ninaposoma jinsi karatasi za watu wengine zilivyonusurika, macho yangu huenda kwanza kwenye mikono iliyozishika.

Mfano ninaourudia ni nyaraka za ukoo wa Cameron, zilizohifadhiwa katika Wilson Library ya Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill. Ni takriban vipande 33,000, kuanzia mwaka 1757 hadi 1978: barua, hati za ardhi, stakabadhi, madaftari ya hesabu, orodha. Mizizi yake iko Stagville, shamba lililoanzishwa na Richard Bennehan. Binti yake Rebecca aliolewa mwaka 1803 na Duncan Cameron, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji na mkuu wa benki, na mali za koo mbili zikawa moja. Kufikia mwaka 1860, chini ya mtoto wao Paul Carrington Cameron, ukoo ulikuwa na ardhi ya karibu ekari 30,000 na watu karibu 900 waliomilikiwa kama watumwa. Ulikuwa miongoni mwa koo tajiri kuliko zote North Carolina. Utajiri wa namna hiyo huandika sana. Nyapara anamwandikia bwana, bwana anamwandikia wakala wa tumbaku, dada anamwandikia kaka, daktari analeta hesabu yake, na hakuna anayetupa karatasi, maana kila karatasi huenda ikahitajika mahakamani.

Mtu aliyeanzisha mkusanyo mkubwa ambamo nyaraka hizi zimo alikuwa mwanahistoria J. G. de Roulhac Hamilton. Mkusanyo huo wa historia ya Kusini ulianzishwa rasmi mwaka 1930, na Hamilton alizunguka majimbo ya Kusini kwa gari, akibisha hodi kwenye nyumba za kale na kuomba aonyeshwe kilichoko darini. Watu wa majimbo mengine, walioona makasha yao yakielekea Chapel Hill, walimpachika jina la Ransack, linalokaribiana kimatamshi na Roulhac na lenye maana ya kupekua na kupora. Alikuwa mwanafunzi wa mwanahistoria William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kitabu chake cha mwaka 1914 kuhusu miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe kinawatetea mabwana wa zamani. Nalisema hili wazi kwa sababu nyaraka alizoziokoa zimefanya kazi ambayo yeye hakuifanya. Mkusanyaji huchagua mlango wa kubisha. Karatasi zikishaingia kwenye hifadhi, hazimlazimishi msomaji kuziamini kama yeye alivyoziamini.

Lakini hapo kati, baina ya kasha la darini na meza ya msomaji, ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kutofanya kitu. Kasha likifunguliwa, fundi hutazama jinsi karatasi zilivyokaa: kipi kimefungwa kwa utepe pamoja na kipi, nani aliandika nini nyuma ya furushi. Watunza nyaraka wa Ufaransa waliiweka kanuni mojawapo kwa waraka wa mwaka 1841, kwamba nyaraka za chimbuko moja zibaki pamoja. Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakaieleza kwa kina katika kitabu cha mwaka 1898, wakisisitiza na mpangilio wa asili. Mtu wa nje huona ni uvivu kuiacha stakabadhi ya viatu katikati ya barua za mapenzi. Kwangu hiyo ni heshima kubwa. Bwana aliyefunga furushi lile alikuwa anasema jambo kuhusu maisha yake bila kujua, na ukilipanga upya kwa akili yako mwenyewe, unamziba mdomo.

Kisha mikono. Mafundi hawavai glavu za pamba, kinyume na tunavyoona kwenye filamu. Glavu huziba hisia za ncha za vidole, na ukurasa huchanika kabla hujajua. Mikono huoshwa, ikakaushwa vizuri, basi. Pini zenye kutu hutolewa polepole, na karatasi hulazwa kwenye folda zisizo na asidi. Karatasi za kabla ya katikati ya karne ya 19 nyingi zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na bado zina nguvu. Kipande cha gazeti la miaka ya 1920, kilichotokana na miti iliyosagwa, hugeuka njano, hukatika kama mkate mkavu, na huwatia doa majirani zake. Hivyo mara nyingi barua ya babu ni nzima kuliko gazeti la mjukuu.

Wino nao una mambo yake. Wino wa zamani ulipikwa kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiandikwa huwa hafifu, ukipigwa na hewa hukoza ukawa mweusi, na baada ya miongo hugeuka kahawia. Ukiwa mkali kupita kiasi hula karatasi, na herufi zinadondoka zikiacha matundu yenye umbo lao. Mtu mwenye huruma bila ujuzi angechukua gundi ya majimaji aubandike ukurasa. Angeuharibu, kwa sababu maji hukisambaza chuma kilicho huru hadi sehemu zilizokuwa salama. Fundi hupima kwanza kwa kipande cha karatasi maalumu, ambacho hugeuka rangi ya waridi iwapo chuma hicho kipo. Kikiwapo, hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani iliyopakwa jelatini mapema, akailowesha kiasi cha kunata tu. Ukitazama kazi hiyo ikiwa imekamilika, unaona barua, huoni kiraka. Inabidi uielekeze kwenye mwanga.

Ninapoona ugumu zaidi ni kwenye tarehe. Watu waliojuana huandikiana "Jumapili asubuhi" wakaishia hapo. Mtunza nyaraka hana budi kutafuta mwaka. Je, kuna stempu ya kubandika? Basi si kabla ya mwaka 1847, Marekani ilipoanza kuzitoa. Kama imeandikwa "Jumanne tarehe 14," kalenda huondoa miaka mingi kwa mpigo mmoja. Mtoto anayetajwa kuwa anaota meno alizaliwa lini? Mwandiko unatetemeka zaidi ya ule wa barua ya mwaka uliotangulia? Baada ya nusu siku anapata mwaka, naye anauandika kwa penseli, ndani ya mabano ya mraba, na pengine alama ya kuuliza pembeni. Penseli, kwa sababu inafutika bila kuiumiza karatasi. Mabano, ili msomaji ajue kwamba tarehe hiyo haimo kwenye barua, imewekwa na mtu anayeweza kukosea. Sijui fani nyingi ambazo mtu hufanya kazi ya nusu siku kisha akaifungia kwenye mabano.

Na ni subira ya aina hiyo iliyomwezesha mwanahistoria Herbert Gutman kuutumia mkusanyo wa Cameron kwa kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu familia za Wamarekani weusi utumwani na katika uhuru. Bwana aliandika vizazi vya watumwa kama anavyohesabu ndama, kwa sababu kila mtoto alikuwa mali. Aliandika pia orodha za mablanketi, nguo na viatu. Gutman alizisoma mwaka baada ya mwaka, jina kwa jina, akaona watoto wa kiume waliopewa majina ya baba zao, na wengine majina ya babu, wajomba na ndugu wengine. Watu waliokatazwa ndoa ya kisheria walikuwa wakitunza nasaba yao ndani ya majina, na bwana aliyenakili majina hayo alikuwa akiwaandikia kitabu cha ukoo bila kukusudia. Lau mtu fulani, kwa nia njema ya usafi, angechomoa orodha za mablanketi kwa kuziona hazina maana, uzi ungekatika.

Ndivyo ilivyo pia kwa watu 114 ambao Paul Cameron aliwahamisha kutoka North Carolina mwaka 1844 kwenda kulima pamba Alabama. Mwanahistoria Sydney Nathans amewafuata kutoka karatasi hizo hadi baada ya utumwa, pale baadhi yao waliponunua vipande vya ardhi ileile waliyoilima kwa lazima.

Nathans huyohuyo amemwandikia kitabu Mary Walker. Mary alikuwa mtumwa wa Duncan Cameron, akasafiri na familia hiyo hadi Philadelphia, na mwaka 1848 akatoroka huko. Watoto wake walibaki North Carolina. Alipata hifadhi kwa watu waliopinga utumwa, na mmoja wao, mwanajiolojia Peter Lesley, alimwandikia Mildred, binti wa Duncan, mwaka 1859, akiomba watoto hao wauzwe ili warudi kwa mama yao. Hawakuuzwa. Mary alikuja kuungana na binti yake Agnes na mwanawe Bryant mwaka 1865, vita vilipokwisha.

Barua ya Lesley ilipofika, ilihifadhiwa pamoja na barua nyingine, kwa sababu katika nyumba ile hakuna karatasi iliyotupwa. Miongo mingi baadaye mtunza nyaraka ambaye hakumjua Mary Walker aliikunjua, akaona imeandikwa tarehe kwa mkono wa mwenyewe, kwa hiyo haikuhitaji mabano. Akaiweka mahali pake, katika mwaka 1859, pamoja na habari za mazao na afya za shangazi, akaandika namba ya folda kwa penseli, akafunga boksi.