Kivuli cha Keria

Februari 2016 Kiira Motors ya Uganda ilizindua Kayoola, basi la abiria 35 lenye paneli za sola paani. Lile ni basi la mjini, na paa lake lilitengwa kwa ajili ya jua. Gari la kijiji cha Wema halina anasa hiyo: juu ya keria kuna magunia, mitungi na baiskeli, na paneli hupewa nafasi iliyobaki. Kwa hiyo wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hazisemi mengi. Kinachoamua ni kivuli cha mzigo kinaangukia wapi. Seli moja ya silikoni hutoa kama nusu volti, ndiyo maana paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huungwa seli 36 mfululizo ili ifike volti 18 hivi. Mkondo hupita kwenye seli zote kama maji ya mfereji wa shamba la mpunga: ukizibwa mahali pamoja, wa chini wote wamekosa. Seli iliyofichwa yenyewe hugeuka kula umeme wa wenzake, ikapata moto, pengine ikaungua.

Fundi atajibu kwamba kiwanda kimeweka diodi za kuurusha mkondo. Kweli, na seli haiungui. Lakini paneli hiyo kwa kawaida ina diodi mbili, kila moja ikilinda seli 18. Nusu moja ikirukwa, inabaki nusu yenye volti 9, ilhali betri inataka zaidi ya 13 ndipo ipokee chaji. Paneli imepona, betri imelala njaa. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri uliozoeleka wa kuunga paneli za gari sambamba. Chukua mbili zinazolingana, moja imefunikwa nusu. Zikiwa sambamba, hiyo moja haichangii kitu. Zikiwa mfululizo, vipande vitatu vilivyobaki hutoa volti 27 hivi, na kidhibiti chaji cha MPPT huiingizia betri karibu robo tatu ya umeme wote. Kwa kidhibiti cha PWM, ambacho ni rahisi zaidi kwa bei, faida hiyo haipo. Mwenye nacho na abaki na sambamba.

Wapo watakaosema Wema iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, saa sita mchana kivuli ni kifupi. Lakini mwezi Juni jua la saa hiyo huinama kaskazini kwa digrii 25 hivi, na gunia la kimo cha nusu mita hutupa kivuli cha karibu robo mita, kinachotosha kufunika safu nzima ya seli. Ya asubuhi na alasiri tusiyataje. Dawa ni mlalo. Seli 36 aghalabu hupangwa safu ndefu nne, kila diodi ikishika mbili. Ubavu mrefu ukitazama mzigo, kivuli kitakula nusu moja. Ncha fupi ikiutazama, kivuli hicho hicho hugusa safu zote nne na kuzima nusu zote mbili. Mfungaji ashike kadibodi na mita, afunike ubavu kisha ncha, asome mkondo, ndipo atoboe paa.