Namna ya Kuupima Wimbo wa Klabu: Somo la "Around the World"

Wanaodai kwamba muziki wa klabu hauna ufundi hutoa ushahidi uleule: maneno ni hayohayo tangu mwanzo hadi mwisho. Basi tumwite mtuhumiwa mkuu. "Around the World" ya Daft Punk, yaani Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo wa Paris, ilitoka mwaka 1997 kwenye albamu ya Homework, iliyorekodiwa chumbani kwa Bangalter. Ina maneno matatu tu, ambayo ndiyo jina lake. Toleo la albamu lina dakika 7 na ushee, na maneno hayo yanarudiwa mara 144. Mbona basi halichoshi? Ukilijibu swali hilo, umeshapata kipimo cha nyimbo zote za jamii hii: fundi hapimwi kwa wingi wa vitu alivyotia, bali kwa anavyojua lini kila kimoja kiingie na lini kitoke.

Anza na vifaa. Usihukumu kwa spika ya simu, maana inameza besi, na besi ndiyo nusu ya kazi. Tafuta sabufa au hedifoni za maana.

Isikilize besi peke yake. Besi ya mvivu hugonga noti moja sambamba na dramu, ikaishia hapo. Hapa besi inatembea: inapanda, inashuka, inaacha pengo, inarudi. Imepigwa kwa sintesaiza, lakini mwendo wake ni wa bendi za disko za miaka ya 1970, kama Chic. Kipimo ni chepesi: zima muziki, jaribu kuiimba kwa mdomo. Ikiimbika, imetungwa, isipoimbika, imejazwa tu.

Hesabu mabadiliko. Mwendo ni takriban mipigo 121 kwa dakika. Katika muziki wa hausi, jambo jipya hutarajiwa kila baada ya mipigo 32, ambayo hapa ni kama sekunde 16. Jambo hilo si lazima liwe kubwa: makofi yanaongezeka, gitaa linaondoka, kinanda kinajibu. Mwanzoni kabisa mdundo unasikika umefifia, kana kwamba uko nyuma ya ukuta, kisha filta inafunguliwa taratibu mpaka sauti ijae chumba. Hakuna noti mpya iliyoongezwa, ila sikio limeshapewa safari.

Kwa zoezi, tazama video yake. Mwongozaji Michel Gondry alikipa kila chombo kundi lake la wachezaji, na Blanca Li akawapangia miondoko. Wanamichezo warefu wanaopanda na kushuka ngazi ni besi, mifupa ni gitaa, maiti waliozongwa bendeji ni mashine ya ngoma, mabinti wenye mavazi ya kuogelea ni kinanda, na roboti ni sauti ya mwimbaji. Chagua kundi moja, ulifuate bila kugeuza macho. Rudia kwa jingine. Ukimaliza yote matano, utakuwa umeufumua wimbo uzi kwa uzi.

Ikague sauti. Hapa imepita kwenye tokiboksi: mpira unaoleta sauti ya kinanda mdomoni, na mdomo ndio unaoiumba iwe maneno. Athari hiyo haifichi uimbaji mbovu. Imeigeuza sauti kuwa ala mojawapo. Jiulize: athari ikiondolewa, je, wimbo unabadilika maana, au aibu ndiyo inayofichuka?

Upeleke kwa dijei. Wimbo mzuri wa klabu huacha nafasi ya kuunganishwa na mwingine. Katika ziara yao ya Alive 2007, Daft Punk waliufuma huu pamoja na "Harder, Better, Faster, Stronger", na kila mmoja ukabaki unatambulika. Kazi iliyosongamana haivumilii jirani.

Dalili za ubovu. Jihadhari na wimbo unaopandisha mvumo wa kelele, ukanyamaza ghafla, kisha ukadondosha kishindo, halafu ukarudia hila hiyohiyo hadi mwisho. Jihadhari pia na ule ambao kila chombo kinapiga kwa nguvu zote muda wote, maana hakuna kinachoweza kuingia tena kikasikika. Ukipata shaka, ondoka karibu na spika, kasimame chumba cha pili. Kichwa kikiendelea kutikisika hata pale sauti kubwa isipofika, wimbo huo umetengenezwa na fundi.