Topol na muzee Tevye: mimi nachagua yule kijana

Juu ya Chaim Topol watu wengi wanasema kitu kimoja: alianza kucheza muzee Tevye akiwa kijana, akamucheza mpaka umri ukamufikia, na hapo ndipo akakuwa Tevye wa kweli. Mimi sikubali.

Hesabu zenyewe ni kubwa, tuziheshimu. Alizaliwa 1935. Mwaka 1967, huko London, alipanda jukwaani katika Fiddler on the Roof, muchezo wa nyimbo juu ya muuza maziwa Muyahudi, baba ya mabinti watano, katika kijiji cha Urusi mwaka 1905. Alikuwa na miaka 31. Uzee walimupaka usoni. Filamu ikatoka 1971. Mara ya mwisho ilikuwa 2009, akiwa amecheza zaidi ya mara 3,500. Rosalind Harris, aliyekuwa binti yake mukubwa katika filamu, kisha akakuja kucheza bibi yake jukwaani! Miaka inaenda, bwana.

Jukwaani sikumuona. Filamu nimeiona mara tatu, na vipande vya uzeeni nimevitafuta kwenye telefone. Sauti ni ileile, lakini ule muzee anaimba kama mutu anayejua tayari wapi watapiga makofi.

Halafu Tevye si babu. Ana watoto wadogo nyumbani, farasi wake anachechemea, mukokoteni anauvuta yeye mwenyewe. Mwenye amefanya kazi na wafugaji anajua: maziwa hayangojei kesho, yanataka mutu wa nguvu. Topol wa filamu ana mabega ya ile kazi. Ndiyo maana Chava, binti wa tatu, anapoolewa na Murusi Mukristo na baba anakataa, inatisha. Muzee aliyechoka angekataa kwa mazoea, tungemusamehe. Huyu bado anaweza kubadilika. Kwa wawili wa kwanza alikubali. Anapima, anapima tena, kisha anamukana mutoto. Kwetu nyumba ngapi zimefika pale, juu ya kabila ya mukwe tu?

Mwishoni wanafukuzwa kijijini. Chava anakuja kuaga. Baba hamuangalii, anafunga mizigo, lakini anamunong'oneza binti mukubwa neno la baraka amupelekee. Watu wa Masisi na Rutshuru, ile mizigo hamuhitaji nieleze. Kisha anashika mukokoteni, anavuta, na pale rangi ya uzee naisahau kabisa: naona kijana, na njia ni ndefu.