Rushwa kati ya Mataifa: Wafalme wa Yuda na Ndege ya Qatar

Mwezi Mei 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipokea kutoka kwa serikali ya Qatar ndege aina ya Boeing 747-8, yenye thamani iliyokadiriwa kuwa dola milioni 400, ili itengenezwe upya kwa safari za Rais Donald Trump. Waliotetea jambo hilo waliegemea nguzo moja: taifa limelipa taifa zawadi, wala hakuna mtu aliyetia kitu mfukoni, kwa hiyo neno rushwa halina mahali hapa. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa Maandiko, maana hata sisi wanatheolojia tungeweza kuikubali upesi mno.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa rushwa katika Kutoka 23:8 ni shohad. Kwa kawaida twalifundisha pamoja na habari za mahakama, mwamuzi na maskini. Lakini mwandishi wa Wafalme analitumia mara mbili, na mara zote mbili mbali na baraza la hukumu. Asa alitwaa fedha na dhahabu iliyosalia katika nyumba ya Bwana na ya mfalme, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski ili avunje agano lake na Baasha (1 Fal. 15:18-19). Baadaye Ahazi alimfanyia vivyo hivyo mfalme wa Ashuru (2 Fal. 16:8). Hazina ilikuwa ya ufalme, faida ilitazamiwa kuwa ya ufalme. Hata hivyo mwandishi aliita shohad. Tena zawadi zote mbili zilifaulu: majeshi yalikwenda. Basi nguzo ile ya “taifa kwa taifa” haisimami.

Mtu atajibu kwamba Asa na Ahazi walitaja walichokitaka, na ndege ya Qatar haikuambatana na ombi lililotangazwa. Tukubali tofauti hiyo. Inafanana zaidi na zawadi ya Merodak-baladani kwa Hezekia aliyekuwa amepona, ambayo Isaya 39 inaiita minha, neno lisilo na lawama. Wahubiri wetu hukazia kiburi cha Hezekia, na 2 Nyakati 32:25 inawapa ruhusa. Lakini angalia maswali ya nabii: watu hawa wamesema nini, wametoka wapi, wameona nini nyumbani mwako? Hakuuliza wameleta nini. Alichokichunguza ni kile ambacho zawadi ilikuwa imekifungua.

Mwezi Septemba 2025 Israeli ilishambulia Doha. Majuma machache baadaye Rais Trump alitia saini amri inayotamka kwamba shambulio la silaha dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani. Sababu nyingine zilikuwapo, na si ndogo: kituo kikubwa cha kijeshi cha Marekani kiko Al Udeid. Huenda amri hiyo ingetiwa saini hata pasipo ndege. Hatuwezi kujua. Naona kwamba hata aliyetia saini hawezi kujua, na hapo ndipo upofu unaotajwa katika Kutoka unapoingia ndani kuliko tunavyofundisha: mpokeaji hawezi tena kutenganisha uamuzi wake na shukrani yake.

Katiba ya Marekani, katika kifungu chake cha kwanza, inakataza mwenye madaraka kupokea zawadi ya mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Hata kabla ya Katiba hiyo, Benjamin Franklin, alipopewa mwaka 1785 picha ya mfalme wa Ufaransa iliyozungukwa na almasi zaidi ya 400, aliipeleka mbele ya Bunge. Ndege hii ilipokelewa bila kura ya namna hiyo. Tena rais mwenyewe alieleza kwamba baada ya muhula wake itakwenda kwenye maktaba yake ya kumbukumbu, maelezo ambayo yanaidhoofisha zaidi nguzo ile.

Katika madarasa yetu 2 Wafalme 16 husomwa kama utangulizi wa Isaya 7, kisha hupitwa. Ni hasara, hasa kwetu ambao wageni rasmi wa changizo za ujenzi wa makanisa yetu ni wanasiasa. Fedha ya Ahazi ilitoka hekaluni. Alipokwenda Dameski kumlaki yule aliyemnunua, aliona madhabahu, akampelekea kuhani Uria mfano wake. Uria akaijenga kabla mfalme hajarudi. Sura nzima haina neno hata moja alilolisema kuhani huyo.