Fizikia ya Kwanta na Swali la Mpimaji

Mwaka 1958 mwanafizikia wa Kijerumani, Werner Heisenberg, alichapisha kitabu chake juu ya fizikia na falsafa. Tunakijadili kwa sababu katika madarasa yetu ya siasa Masasi na Newala hoja moja hujitokeza mara kwa mara: kwamba sayansi imethibitisha kuwa ulimwengu huumbwa na fikra za anayeutazama. Ikiwa ni kweli, mkulima aliyepunjwa kwenye mizani ya korosho hana cha kudai. Abadili mawazo yake tu. Kwa hiyo suala hili si la wasomi peke yao.

Tuanze na mambo yalivyo. Mwaka 1927 Heisenberg alionyesha kwamba mahali ilipo elektroni na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote kwa usahihi kamili wakati mmoja. Je, huo ni upungufu wa vyombo tu? Mwaka 1964 John Bell alionyesha njia ya kulipima swali hilo. Majaribio yaliyowapatia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022 yamethibitisha kuwa chembe hizo haziwezi kuelezwa kama magunia ambayo kila moja limekwisha kubeba uzito wake, wala haliguswi na linalotendwa kwa gunia jingine la mbali.

Hapa Heisenberg yuko sahihi. Uyakinifu wa kimashine, uliouona ulimwengu kama saa kubwa, umeshindwa. Ndugu anayemwita mdhanifu kabla ya kumsoma hatetei uyakinifu, anatetea uvivu. Lenin alikwisha kueleza mwaka 1909 kwamba kinachobadilika ni ujuzi wetu juu ya maada, si kuwapo kwake.

Lakini Heisenberg huyo huyo anaeleza kuwa linalowezekana hugeuka kuwa linalotokea pale chembe inapokutana na chombo cha kupimia, si pale akili ya mtu inapoandika matokeo. Wanaomtumia kuhubiri miujiza wameziruka kurasa hizo.

Kosa lake liko kwingine. Akiazima wazo la Aristotle la uwezekano, anafikia kusema kuwa atomi si halisi kama vitu vya kila siku. Hatukubali. Juu ya bati la nyumba ya Newala, nuru ya jua hung'oa elektroni ndani ya paneli na redio ikalia, mwenye nyumba awe macho au amelala. Uwezekano ni namna ya kuwapo, si kukosa kuwapo. Tena una sheria: elektroni moja haitabiriki, nyingi kwa pamoja hutabirika.

Mwaka 1905 Einstein alieleza kuwa nuru huenda kwa vipande. Mwaka huo huo vita vya Maji Maji vilifika Masasi. Umoja wa wapiganaji wale ulikuwa nguvu halisi, na tunauenzi. Lakini imani haikuigeuza risasi kuwa maji.

Gunia la korosho lina atomi nyingi mno hata shaka ya kwanta isiweze kuusogeza mshale wa mizani. Mizani ikidanganya, aliyeichezea ni mtu, na mtu huulizwa.