OTP Iliyomruka Mgonjwa

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 1, 2024, wahudumu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba wakisajili watu, na kwa hilo wanastahili pongezi. Lakini kumtaka mgonjwa athibitishe matibabu yake kwa OTP ya simu, yaani nambari ya siri ya kutumika mara moja, lilikuwa kosa la wazi, na lingeweza kuonekana kabla mgonjwa wa kwanza hajafika dirishani.

Mnajua ilivyokuwa ikienda. Karani anaingiza nambari ya kitambulisho, mtambo unatuma tarakimu kwenye laini iliyosajiliwa, mgonjwa anazitaja, karani anazibonyeza kabla muda haujaisha. Sasa mweke hapo nyanya wa Kitui aliyesajiliwa kwa laini ya mjukuu, maana simu yake ya kabambe hushinda bila chaji. Mjukuu ni mwendeshaji bodaboda Nairobi. OTP inaingia mfukoni mwake akiwa katikati ya Jogoo Road, huku nyanya yuko kwenye benchi la hospitali. Mpaka mjukuu asimame, asome ujumbe, atafute wa kumpigia huko Kitui, tarakimu zimeshakufa. Karani anaomba nyingine, nayo inakwenda kule kule Jogoo Road.

Hata mwenye simu mkononi aliwekwa njia panda. Miaka yote hii ya M-Pesa tumeambiwa tusimtajie mtu yeyote nambari za siri. Mzee aliyelishika somo hilo akakataa kumsomea karani tarakimu zake, anaonekana mkaidi. Kwangu mimi huyo ndiye mteja makini kuliko wote kwenye foleni.

Shabaha ilikuwa kuzuia wagonjwa hewa, na hiyo ni haki kabisa. Ila OTP inathibitisha tu kwamba kuna simu iliyosomwa. Aliyelala kitandani ni nani, haisemi.

Ugonjwa ni ule ule wa *147#, msimbo wa kujisajili SHA kwa simu, nami sitachoka kuusema: maswali ya kukadiria mapato ya familia nzima yanabanwa kwenye kioo kidogo, na ukichelewa kujibu unakatwa. Wakala wa M-Pesa wa 2007 alikuwa na daftari, akitazama kitambulisho, mteja akatia sahihi, na asiyejua kusoma akaelekezwa pale pale. Wapangaji wa leo wana mitambo ambayo wakala yule hakuiota, lakini mtu wa kuuliza wamemwondoa.

Baadaye zililetwa alama za vidole mahali pa OTP. Ni afadhali, ingawa vidole vilivyoshika jembe maisha yote huwa vimelika, na mashine huvikataa.

Dirishani panahitajika njia ya tatu, iandikwe kwenye utaratibu, isitegemee huruma ya karani: fomu ya karatasi, kitambulisho, sahihi ya muuguzi wa zamu na ya jamaa aliyemleta mgonjwa. Madai ya namna hiyo yatengwe, SHA iyakague moja baada ya jingine, nyanya akiwa ameshatibiwa.